Nani Alimtwika Goreti?

Kila asubuhi Goreti alimpitia Dionisia nyumbani kwao, wakaenda shuleni kupitia daraja la zamani la mawe kwenye barabara ya Narung'ombe. Upinde wake uliwavusha hata babu zetu. Wasichana hao walikuwa darasa la sita, na hata zamu ya kufagia waliomba wapangiwe pamoja.

Wiki hiyo waliagizwa kuleta mafiga sita kwa ajili ya majiko mawili ya uji. Aliyetoa agizo hilo hakuwahi kutafuta mawe kwenye mchanga wa kwetu.

"Mawe ya ukingo wa daraja yamelegea," alisema Dionisia. "Tuchukue hayo. Nani atajua?"

Goreti alisita, kisha akakubali. Walitwishana moja moja, safari tatu, mpaka yakatimia.

Mchana wa siku hiyo Mzee Eustakio, fundi mwashi anayelitunza daraja hilo, alifika shuleni amekasirika. Mama mmoja aliyebeba korosho kwa baiskeli alikuwa ametumbukia kijitoni pale palipobaki wazi, akateguka mkono.

Mwalimu Elineema aliwaita jikoni wasichana wale walioleta mafiga.

"Mawe haya yamechongwa. Nani kayatoa darajani?"

"Ni Goreti peke yake, mwalimu," Dionisia alijibu upesi. "Mimi nilimkataza."

Goreti alimtazama mtu aliyegawana naye muhogo tangu chekechea. Iliuma kuliko fimbo. Machozi yalimtoka, na wenzao waliochungulia dirishani wakaanza kumwita mwizi.

"Haya Goreti, jitwike moja nione," mwalimu alisema.

Goreti aliinama, akalipandisha jiwe hadi magotini, likamshinda.

"Sasa nani alikutwika?"

Goreti alijifuta machozi, macho chini. Dionisia akaangua kilio.

"Ni mimi, mwalimu. Nilimtwika, naye akanitwika. Hata wazo lilikuwa langu."

Jioni waliyarudisha mawe yote, Mzee Eustakio akayajenga upya. Dionisia aliomba msamaha.

"Nimekusikia," Goreti alijibu.

"Kuchukua mawe mlikosea wote wawili," Mwalimu Elineema aliwaambia, "na daraja limetengenezwa kwa siku moja. Lakini Dionisia, ulipomtupia mwenzako kosa lenu, ulivunja imani yake. Hiyo fundi hawezi kuijenga. Utaijenga wewe mwenyewe, kwa kusema kweli hata unapoogopa, na itachukua muda."

Dionisia aliitikia, akageuka kumtafuta rafiki yake. Goreti alikuwa ameshatangulia.