Mama Raheli Hapandi Machela

Kwetu Mhezi siku huanza na mlima. Ukienda kuchota maji unashuka, ukirudi unapanda. Ukienda shamba la juu unapanda, ukirudi na ndizi kichwani unashuka huku magoti yanalia. Mimi Yudith nimezaliwa humu, miguu yangu imezoea. Mume wangu Aminieli naye alizaliwa humu, lakini miguu yake ilisahau.

Alikuwa fundi cherehani Same mjini kwa miaka mingi. Miaka ile ya Ujamaa, kijiji chetu kilianzisha ushirika wa ushonaji, wazee wakamwita arudi nyumbani. Akarudi na cherehani, mkasi na kitambi. Siku tuliyopanda naye kutoka barabarani, alisimama kila penye kivuli.

"Natazama milima yetu," akaniambia.

"Unaitazamaje na macho umeyafumba?" nikamjibu.

Wakati huo tulikuwa tunajenga upya ndiva yetu. Ndiva ni bwawa la mawe na udongo. Maji ya mfereji hukusanywa humo, kisha hufunguliwa yaende mashambani. Yetu iko juu kabisa, kupita shule. Mama mkwe wangu, Raheli, alikuwa msichana ilipojengwa mara ya kwanza. Alibeba udongo kichwani pamoja na marehemu baba yake. Sasa miguu yake ilikuwa dhaifu, hata nje ya ua hakutoka.

"Siku ya kufungulia maji nataka niwepo," alituambia jioni moja tukila makande. "Nikiyaona yale maji, roho yangu itatulia."

"Vijana watakubeba kwa machela, mama," nikasema.

Lo! Aliweka kijiko chini. "Machela ni ya mgonjwa na ya maiti. Mimi siumwi, na kufa sijafa. Sipandi machela!"

Aminieli akajipiga kifua. "Basi, mama, nitakubeba mimi mgongoni. Kwani mimi si mwanao?"

Nikamtazama. Mtu anahema akifunga kamba za viatu! Niliogopa sana. Ahadi kwa mama si mchezo.

Asubuhi yake pembe ya msaragambo ikalia. Msaragambo ni kazi yetu ya pamoja tangu enzi za mababu. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu. Siku hiyo tulikuwa tunapandisha mawe ndivani. Kila mmoja huchagua jiwe lake mbele ya macho ya wenzake, na hapo ndipo wengi huponzwa. Aliyetoka mjini hataki aonekane na kajiwe. Aminieli akaliendea jiwe kubwa kuliko yote.

"Liache hilo, fundi," mzee Athumani akamwonya. "Hilo ni la watu wawili."

"Mmoja ni mimi, na wa pili ni mimi," akajibu, na watu wakacheka.

Akainama bila kukunja magoti. Akabana pumzi, akalivuta. Jiwe likainuka kidogo, kisha nikasikia, "Mama weee!" Jiwe likaanguka, na mume wangu akabaki ameinama vilevile, hawezi kunyooka.

Tulimteremsha nyumbani kwa machela.

Mama Raheli alikuwa ameketi mlangoni. Akamtazama mwanawe, akatutazama na sisi. "Nimekataa mimi," akasema, "kumbe amepanda mwenzangu."

Jirani yetu Jenoveva, nesi wa zahanati, akaja kumwangalia. Huyo binti amepitia Jeshi la Kujenga Taifa, na mlima anaupanda akiimba.

"Shikamoo, mama. Pole, kaka. Una ganzi miguuni?"

"Hapana."

"Vizuri. Ni msuli umevutika. Usilale kutwa nzima, tembeatembea polepole. Ukipata ganzi, au miguu ikikosa nguvu, uje zahanati mara moja."

"Nesi, nimemwahidi mama," Aminieli akasema, karibu alie. "Maji yanafunguliwa kabla ya vuli. Nitaweza?"

"Utaweza, ukianza na kidogo. Mtoto haanzi darasa la saba, kaka. Mwili nao una darasa la kwanza."

Maumivu yalipokwisha, Jenoveva akamtoa nje uani, akamwekea kiti. "Keti. Simama. Usishike kitu. Hivyo ndivyo miguu inavyopata nguvu. Haya, sasa sukuma ukuta."

"Nisukume nyumba yangu mwenyewe?"

"Sukuma! Haianguki."

Kisha akampa debe lenye mchanga kidogo. "Kuinua mzigo, chuchumaa kwanza. Mgongo unyooke, mzigo uwe karibu na kifua, na miguu ndiyo ikuinue. Usibane pumzi, itoe unapoinuka. Ukifanya mazoezi leo, kesho pumzika, maana msuli hujijenga ukipumzika. Ule maharage, maziwa na mboga. Mzigo ukiwa mwepesi, ongeza mchanga kidogo. Nimesema kidogo! Na ukisikia maumivu makali, acha."

"Na mimi je?" mama Raheli akauliza kutoka mlangoni.

"Mama, na wewe unataka mazoezi?" Aminieli akashangaa.

"Kwani mimi sina miguu?"

Jenoveva akacheka kwa furaha. "Wazee ndio wanaohitaji zaidi!" Akamwekea kiti kizito karibu na mlango, apate pa kushika. "Simama polepole, mama. Keti polepole. Yudith atakuwa karibu nawe."

Basi nyumba yetu ikawa kichekesho. Mimi natwanga mahindi, mama anasimama na kuketi, mume anasukuma ukuta. Watoto wa jirani walikuja kucheka, mwisho nao wakasukuma. Aminieli alianza kupanda na debe lake hadi shuleni, akipumzika njiani. Baadaye akawa hapumziki. Mchanga ukaongezeka, kitambi kikapungua, akalazimika kupunguza kiuno cha suruali yake kwa cherehani yake mwenyewe.

Kwenye msaragambo alichagua mawe madogo.

"Fundi, leo umechukua kajiwe?" Athumani akamtania.

"Bandu bandu huisha gogo, mzee," akajibu, akaenda na kurudi mpaka jioni. Hakuna aliyecheka tena.

Siku ya maji ikafika. Aminieli akachuchumaa, nikamfunga mama mgongoni kwake kwa kanga zangu mbili. Akainuka kwa miguu. Mimi nilitembea nyuma yao, roho mkononi. Shuleni alisimama kidogo, akavuta pumzi bila aibu, akaendelea. Tulipouona ukingo wa ndiva, mama akampiga begani.

"Nishushe."

"Mama, bado kidogo tu."

"Nishushe, nasema!"

Akachuchumaa, nikafungua kanga. Mama Raheli akanishika mkono. Kisha akauachia. Akatembea mwenyewe, hatua fupi fupi, mbele ya kijiji kizima, hadi ukingoni. Tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Maji yakafunguliwa, yakaingia mferejini kwa kishindo, naye akasimama akiyatazama, machozi yanamtoka na anacheka. Aminieli alilia waziwazi. Na mimi nililia, sifichi.

Wakati wa kurudi, mzee Athumani akaja na machela begani, anacheka. "Fundi, kama umechoka, chombo hiki hapa."

"Kirudishe ulikokitoa," mama akamjibu. "Mlima huu nilimpandisha mgongoni akiwa mchanga, akinilowesha. Leo atanishusha yeye, na mimi ni mkavu."

Aminieli alikuwa ameshachuchumaa, mgongo umenyooka.