Chumvi Mlangoni kwa Bi Saleha

Bi Saleha hakuja Birmingham kutembea. Alitoka Unguja kumwangalia mwanawe Thuwaiba, aliyekuwa na mimba ya kwanza, imeshaingia mwezi wa tisa. Walikaa Bordesley Green, katika nyumba yenye ngazi tatu za mawe mlangoni.

Kila alfajiri, akishasali, alifanya kama alivyofanya kwao miaka arubaini. Alimwaga maji mlangoni, akafagia. Hata ufagio wa chelewa alikuja nao kwenye sanduku. Mlango mchafu, alisema, ni aibu ya nyumba nzima.

Asubuhi moja ya Januari, Thuwaiba alitoka kwenda kliniki. Alikanyaga ngazi ya kwanza, mguu ukateleza. Bahati yake alidaka reli ya chuma.

"Yarabi! Mwanangu!"

"Niko okei, Mama. Nimeslip kidogo tu."

Maji ya alfajiri yalikuwa yameganda. Ngazi ziling'aa kama kioo. Bi Saleha alikimbilia jikoni, akarudi na birika la maji ya moto.

"Hapana, Mama, usimwange!"

Alikuwa Gaston, jirani yao kutoka Bukavu, ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini. Huendesha lori la kumwaga chumvi barabarani.

"Maji ya moto itayeyusha barafu, ni kweli," alisema. "Lakini itapoa, itaganda tena. Lete chumvi."

"Chumvi ya kupikia?"

"Ile ile."

Gaston alinyunyiza konzi moja ya chumvi. Baada ya muda barafu ikalainika, ikawa maji. Akayafagia yote. Bi Saleha alikodoa macho. Barafu inaungwa kama mchuzi!

Kisha machozi yakamtoka. "Nimekuja kumlinda, nikataka kumwangusha mwenyewe."

"Usilie, Mama. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilianguka mara tatu. Na sikuwa na mimba!"

Bi Saleha akacheka huku analia.

Jioni, Gaston aliweka vikombe viwili vya maji nje. Kimoja alikitia vijiko viwili vya chumvi, akakoroga mpaka ikayeyuka yote. Kulipokucha, maji matupu yalikuwa barafu. Maji ya chumvi yalikuwa bado maji.

"Baridi ni ileile," Bi Saleha alishangaa. "Mbona haya yamekataa?"

"Maji matupu inaganda kwa zéro," Gaston alieleza. "Chumvi ikiyeyuka ndani, inazuia maji kushikana. Sasa inataka baridi kali zaidi ndiyo igande. Lakini baridi ikizidi sana, hata chumvi inashindwa. Basi usimwange maji tena. Fagia kavu, nyunyiza kidogo. Ukizidisha, utaua maua."

Tangu siku hiyo Bi Saleha alifagia kavu. Jioni alinyunyiza chumvi, na alfajiri alizikanyaga ngazi yeye kwanza.

Jumapili uchungu ulimshika Thuwaiba. Magari yote mtaani yalikuwa meupe kwa barafu. Alishuka ngazi polepole, mkono wake ndani ya mkono wa mama yake. Moja. Mbili. Tatu. Hakuteleza.

Jumatano alizipanda ngazi hizohizo, amembeba mtoto wa kike. Bi Saleha alimwekea supu ya kuku. Thuwaiba akaonja, akakunja uso.

"Mama, supu haina chumvi!"

"Yote iko mlangoni," alijibu Bi Saleha, akimpokea mjukuu wake. "Kunywa hivyohivyo, mwanangu. Mmefika salama."