Viti vya Kwaya na Mbwa Aitwaye Duwane

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Papa Anastase alitoka nje pekupeku akatembea juu ya nyasi zake. Majirani wake wote wa mtaa wa Kilibula walikuwa na nyua za udongo, zilizofagiliwa mpaka zikang'aa. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na nyasi fupi za kijani, na aliziita gazoni. Alizipanda mwenyewe, akazimwagilia mwenyewe, na mgeni aliyezikanyaga kwa viatu alitazamwa kwa namna iliyomfanya avivue bila kuambiwa.

Nyasi hizo zilikuwa zikingojewa na kazi kubwa. Baada ya majuma matatu, wakwe wangekuja kutoa mahari ya Chérie, binti yake mkubwa, na Papa Anastase alikwisha kuamua kwamba wataketi juu ya kijani kitupu.

Binti yake mdogo, Noella, mwenye miaka kumi na miwili, alipewa kazi nyepesi zaidi: kumpeleka mbwa kila alfajiri kwenye mchanga nyuma ya jiko, ili ajisaidie huko. Mbwa huyo, jike mwenye masikio yaliyolala, aliitwa Duwane. Papa Anastase, aliyefanya kazi ya kubadilisha pesa kule mpakani Kavimvira, ndiye aliyempa jina hilo, lenye maana ya forodha, kwa sababu hakuna mtu aliyeingia getini bila mfuko wake kukaguliwa kwa pua. Noella alimpenda sana Duwane. Ila usingizi wa alfajiri aliupenda zaidi kidogo. Alimfungulia mlango, akamwacha ajiendee, naye akarudi kitandani. Na Duwane, akiona mchanga uko mbali na nyasi laini ziko karibu, hakujisumbua.

Jumanne moja Papa Anastase alisimama ghafla katikati ya uwanja. Mbele yake palikuwa na duara la manjano, pana kama sahani ya bukari, ule ugali wa kila siku. Pembeni palikuwa na lingine, na lingine tena.

"Noella, kuya hapa. Nani amefanya majani yangu hivi?"

Noella alijua jibu mara moja. Alijua pia kwamba Mzee Rwabuhihi, rafiki wa baba mwenye ng'ombe kule juu milimani, alikuwa amemwomba baba ampe Duwane wa kumlindia ndama, na baba alimjibu, "Siku akinikosea, ni wako." Akatazama huku na huku, macho yakaangukia viti vya plastiki vilivyopangwa ukutani. Vilikuwa vya akina mama wa kwaya, waliofanya mazoezi hapo kila Jumapili jioni.

"Ni viti, papa," alisema. "Bamama wanaikalaka sana pale. Majani inakosa hewa."

Uongo huo ulikuwa na bahati ya kufanana na kweli, maana Mama Bernardine, kiongozi wa kwaya, hakuwa mtu mwembamba. Papa Anastase alitazama viti, akatazama maduara, akatikisa kichwa. Jioni hiyo kwaya ikaletewa habari kwamba itafute mahali pengine pa kuimbia.

Jumapili iliyofuata akina mama hao waliimba kando ya barabara, kati ya pikipiki na wauza ndagala, wale samaki wadogo. Kila sauti ya juu ilipotaka kupanda, honi iliitangulia. Mama Bernardine alirudi kwake kabla wimbo haujaisha. Noella alipomwona kwa mbali alivuka upande wa pili.

Viti viliondoka, lakini maduara yaliendelea kuzaliwa.

"Ni kisasi," Papa Anastase alimwambia mkewe. "Wanakuya usiku, wanamwanga kintu."

"Bamama wa kwaya?" mkewe aliuliza. "Waruke ukuta na vitenge?"

"Minye sikutaja muntu. Nasema tu majani inakufa."

Maneno hayo ndiyo yaliyoruka ukuta. Jumamosi asubuhi Mama Bernardine aliingia getini amevaa kitenge cha sikukuu, kiti cha plastiki kichwani na sahani ya maharage mkononi. Alivua viatu kwa adabu. Akaweka kiti mahali penye kijani kizuri kuliko pote, akakaa, akaanza kuchambua maharage.

"Jambo, Mama Bernardine," Papa Anastase alisema polepole. "Weye unafanya nini?"

"Jambo sana, Papa Anastase. Niko nangoja majani ikauke. Walisema ni minye naiua. Basi leo tuone wote."

Papa Anastase akaagiza mgeni aletewe chai. Haukupita muda mama wengine wa kwaya wakafika, kila mmoja na kiti chake. Jua likapanda. Hakuna aliyeondoka.

Noella aliyaona hayo yote kupitia dirisha la jiko, akiwa amemshika Duwane kwa kamba. Tangu alfajiri hakumtoa, akihofia asije akafanya mambo yake mbele ya mahakama ile. Duwane alizunguka. Akalia kidogo. Akabana miguu, akamtazama Noella kama mtu aliyesimama kwenye foleni isiyosogea.

"Vumilia," Noella alimnong'oneza, lakini machozi yalikuwa yakimtoka yeye. Nje, Mama Bernardine alikuwa akijifuta jasho kwa ncha ya kitenge. Ndiye aliyemfundisha Noella kuimba, akimshika begani kila alipokosea. Noella aliona aibu. Ndani alikuwa anamtesa mbwa, nje anamtesa mama wa watu, na sababu ilikuwa neno moja alilolisema mwenyewe.

Akaachia kamba, akafungua mlango.

Duwane alitoka mbio, akampita Papa Anastase, akafika karibu kabisa na kiti cha Mama Bernardine, akachuchumaa. Akakojoa. Akaendelea kukojoa. Mikono ya Mama Bernardine ilisimama ndani ya maharage. Papa Anastase alifungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena, na Duwane alikuwa bado hajamaliza.

"Ni Duwane," Noella alisema kutoka mlangoni. "Na ni minye, papa. Kazi ya kumupeleka nyuma sikuifanya. Nikasema ni viti, sababu niliogopa atapelekwa milimani."

Papa Anastase alitoa simu mfukoni. "Ataenda leo hii."

"Mbwa hakusema uongo, Papa Anastase," alisema Mama Bernardine. "Kwa nini yeye ndiye anafukuzwa?"

Simu ikabaki hewani. Mama yake Noella alikuwa ameinama juu ya duara la zamani, akiligusa kwa kidole. "Angalia hapa," alimwambia mumewe. Kuzunguka ile manjano kulikuwa na ukanda wa kijani kilichokolea kuliko nyasi nyingine zote. "Kule ku mashamba yetu ya mpunga, Ruzizi, ukimwanga mbolea mingi pahali pamoja, mpunga unaungua. Pembeni, kule imefika kidogo, unapendeza. Mukojo wa mbwa ni vile vile."

"Basi nitamwanga javeli pale, ile dawa ya kufulia nguo nyeupe, asirudi."

"Javeli itaua majani na itaunguza miguu ya mbwa. Maji tu inatosha. Akikosea, mwanga maji mingi palepale, kabla haijakauka. Lakini dawa ya kweli ni akojoe ku muchanga, na muntu wa kumupeleka yuko."

Wote wakamtazama Noella. Papa Anastase akarudisha simu mfukoni. "Abaki mpaka siku ya mahari," alisema. "Kisha tutaona."

Tangu siku hiyo Noella aliamka gizagiza, akamwongoza Duwane mpaka kwenye mchanga na kusubiri hapo mpaka amalize, kisha akampa kipande cha bukari na kumsifu. Duwane akiwahi kukojoa kwenye nyasi, Noella alikimbia na bidoni, dumu la maji. Alikwangua majani yaliyokufa, akapandikiza mengine yaliyotoka ukingoni mwa uwanja. Lakini bidoni haikuwa nzito kama kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi akina mama wa kwaya.

Siku ya mahari ilipofika, uwanja ulikuwa wa kijani. Kwaya iliketi katikati, kwenye viti vilevile. Duwane alikagua mifuko ya wakwe wote, kisha akaenda zake nyuma ya jiko bila kuambiwa, na Noella akapumua.

Mzee wa upande wa wakwe akawaomba watu wasimame kwa sala. Wote wakasimama, isipokuwa Papa Anastase.

"Mguu unauma, papa?" mzee aliuliza kwa upole.

"Hapana."

"Basi simama tuombe, Papa Anastase," Mama Bernardine alisema, akitazama chini ya kiti alichokalia baba huyo.

Papa Anastase akasimama taratibu. Chini ya kiti chake palikuwa na duara la manjano, la mwisho lililobaki. Kikohozi kikampata.

"Ni mbwa," alisema hatimaye. "Na mwenye kuificha ni minye."

Mzee wa wakwe ndiye aliyecheka kwanza. "Kwetu pia iko mbwa," alisema, na uwanja mzima ukacheka.

Baada ya sala, Mama Bernardine alimshika Noella begani, kama zamani.

"Umeona, mwanangu? Kusema uongo ni kukalia duara. Unaweza kulikalia muda mrefu, tena kwa raha. Lakini siku moja wataomba watu wasimame. Ni heri usimame mwenyewe kabla ya kuombwa, kama ulivyofungua ule mlango." Kisha akamwonyesha jiko kwa kidevu. "Sasa enda ulete bidoni. Ile duara ya papa yako inataka maji."