Njia ya Ziwa Ilipokata Shamba la Papa Kamate

— Florent, toa iyo muti mu maharage ya papa!

Florent Buhendwa aligeuka, nyundo mkononi. Alikuwa mpima ardhi wa biro ya zone, ofisi ya serikali ya mtaa, na Marcelline aliyemkabili alikuwa mchumba wake. Jumapili wazazi wa Florent walitarajiwa kuja kuposa. Na leo vigingi kumi na vinne vilikuwa vimekata shamba la Papa Kamate, baba yake Marcelline, hapa Kyeshero, mpaka mlangoni pa jiko.

— Ngoja nikuelezee, Marcelline.

— Eleza.

— Zone inataka njia ya watu kutembea kwa miguu kando ya ziwa. Wageni, wanafunzi, kila mutu apunge hewa siku ya yenga, kazi ikifungwa.

— Na sisi tutahamia wapi?

Florent akaiweka nyundo chini.

— Ulijua tangu lini?

— Majuma matatu.

— Majuma matatu! Na kila jioni ulikuwa unakula kwetu!

Papa Kamate alitokea nyuma ya nyumba, jembe begani. Alikuwa ametoka Butembo akiwa kijana, akavunja mawe ya volkano kwa mikono yake mpaka yakawa shamba. Hakupaza sauti.

— Mwanangu, chini kule kuko mawe matupu, hakuna mutu. Njia haiwezi kupita kule?

Florent akaangalia viatu vyake. Marcelline akaliona hilo.

— Florent! Inaweza?

— Plan ya kwanza ilipita kule. Lakini kuko villa ya mukubwa moja. Hakutaka watu wapite mbele ya baraza yake. Chef wangu ku biro akaniambia nichore ingine.

— Ukachora?

— Nikachora.

— Ukatia na sahihi?

— Nikatia.

Marcelline alivuta pumzi.

— Waambie wazazi wako wasikuje.

Siku mbili baadaye akapokea barua. “Marcelline, niliogopa kupoteza kazi. Ijumaa zone itaonyesha watu plan. Nakuomba ukuje, hata kama hutanisemesha.”

Hakujibu. Lakini Ijumaa alikwenda, akasimama nyuma kabisa uani pa biro ya zone, mikono kifuani. Watu wa Kyeshero walijaa. Chef wa Florent akapiga makofi, akamwita mwananchi kwa Kifaransa, kama desturi ya serikali.

— Citoyen Buhendwa, onyesha watu plan.

Florent akakunjua karatasi. Halafu akakunjua ya pili.

— Plan ziko mbili. Hii inapita ku mawe, haigusi nyumba ya mutu. Hii ingine inavunja nyumba tisa ili villa moja isisumbuliwe. Ni mimi niliichora, kwa woga.

— Citoyen, funga iyo karatasi!

— Sifungi.

— Basi kazi yako imekwisha leo!

— Najua, chef.

Watu wakapiga kelele. Wazee wakakataa kutoka uani mpaka mkuu wa zone mwenyewe alipotoka bironi kuzitazama zile karatasi mbili, akachagua ile ya mawe. Mwezi uliofuata njia ilichimbwa chini, kwenye mawe. Hata hivyo ilikula mistari miwili ya migomba ya Papa Kamate pembeni mwa mawe, na hakuna aliyemlipa.

Florent alikuja asubuhi moja, sanduku mkononi. Marcelline alikuwa akianika nguo.

— Nimekuja kukuaga. Nimepata kazi ya kufundisha hesabu, Masisi.

— Uliniumiza, Florent. Si shamba. Ni vile ulikaa na sisi ku meza, ukanyamaza.

— Nakubali. Sina la kujitetea.

Marcelline alitundika shati moja, kisha jingine, bila kumtazama.

— Siku ingine ukiogopa, niambie mimi kwanza. Tuogope wawili.

Sanduku likamponyoka.

— Siku ingine?

— Wazazi wako wangali wanajua njia ya kufika hapa?

— Na papa yako? Atawapokea?

Marcelline akacheka, mara ya kwanza tangu ile siku ya vigingi.

— Papa hasemi kitu. Lakini tangu juzi amefukia ndizi nyuma ya nyumba ziive za kupika kasiksi, anafikiri sikumuona. Na pombe ile yote, Florent, mutu hapikii kinywa yake moja.