Barafu ya Babu Toivo

Kila jioni ya majira ya baridi, baada ya chakula, Babu Toivo alivaa kofia yake ya jeshi la wanamaji, akaburuta mpira wa maji hadi kwenye uwanja mdogo wa barafu, mwisho wa mtaa wao katika mji wa Duluth, kaskazini mwa Marekani. Alinyunyiza maji kidogo, akasubiri yagande, akanyunyiza tena. Ujanani alipiga deki meli ya vita miaka minne, na alipenda kusema kwamba aliyepiga deki meli ikiyumba hawezi kushindwa na uwanja wa watoto. Alipenda michezo yote, hata ile asiyojua sheria zake, lakini mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu ndio uliomkosesha usingizi.

Jumanne babu alifariki. Alikuwa ameugua tangu kiangazi, na binti yake aliyemuuguza, mama wa Aili na Eetu, alichoka hata kulia hakuweza. Majirani walileta mabakuli ya viazi na nyama, yakajaa mezani bila mtu wa kuyala. Mazishi yalipangwa Ijumaa asubuhi. Jumamosi, kama babu mwenyewe alivyoomba, watoto wa mtaa wangecheza mechi ya kumkumbuka kwenye uwanja wake.

"Barafu niachieni mimi," alisema Aili, msichana wa miaka kumi na miwili. "Nimemwona babu akiitengeneza tangu niko mdogo."

Alhamisi jioni akatoka na mpira wa maji. Baridi ilimng'ata vidole na mwili ulikuwa mzito. Alinyunyiza mara moja tu, akaona kusubiri ni kujitesa bure. Akafungulia maji yote, akauacha mpira ukitiririka katikati ya uwanja, akaingia ndani kupasha mikono moto. Alipotoka, uwanja ulikuwa umejaa pomoni. Akafunga maji, akaenda kulala.

Asubuhi alipoukanyaga, barafu ilipasuka kama sahani. Juu palikuwa na utando mwembamba, na chini yake palikuwa patupu. Karibu nusu ya uwanja ilikuwa hivyo. Aili aliingiwa na hofu, lakini gari la kwenda mazishini lilikuwa linangoja.

Makaburini, wanamaji wawili vijana waliikunja bendera iliyofunika jeneza, kama ilivyo desturi kwa aliyetumikia jeshi, wakampa mama. Aliipokea kama mtu aliyeongezewa mzigo. Waliporudi nyumbani, Mzee Novak, rafiki wa babu tangu melini, alimgeukia Aili.

"Haya, mjukuu, uwanja wa mpiga deki wetu uko tayari?"

"Umeharibika," Aili alijibu. "Eetu ameukanyaga kabla haujaganda."

Eetu, mdogo wake wa miaka minane, alibaki akimtazama. "Mimi? Mbona sijafika hata huko?"

"Eetu, usianze," mama alisema kwa sauti ya chini. "Sina nguvu za kugombana leo. Kesho huchezi."

Eetu alivua glavu za babu alizozivaa tangu asubuhi, akaziweka juu ya kiti. Kisha akachukua viatu vyake vya kutelezea, vilivyokuwa tayari mlangoni, akavirudisha kabatini. Babu ndiye aliyemfundisha kusimama juu ya viatu vile, na hii ingekuwa mechi yake ya kwanza. Aili alishindwa kuvumilia.

"Mama, ni mimi. Nilimwaga maji yote kwa mkupuo, nikaingia ndani kuota moto. Eetu hajagusa kitu."

Mama aliiweka kando bendera iliyokuwa mapajani mwake.

"Mwombe radhi mdogo wako. Kesho atacheza," alisema. "Mimi natafuta koti."

"Nami nikalete sururu," alisema Mzee Novak. "Maji mengi huganda juu upesi, ya chini yakanywewa na ardhi. Hapo hakuna kuziba. Ni kubomoa na kuanza upya."

Aili alimwomba Eetu radhi, kisha wote wanne wakabomoa utando wote, wakafagia vipande, wakaanza kunyunyiza. Mama alivaa kofia ya babu. Walinyunyiza kidogo, wakasubiri, wakanyunyiza tena, mpaka taa za mtaa zikawaka.

"Leo huendi kuota moto?" Eetu alimchokoza dada yake.

"Shika mpira vizuri wewe, usiuache ujikunje."

Mama aliegemea uzio. "Babu yenu naye alikuwa anachoka," alisema. "Siku nyingine alirudi hapa hawezi hata kuvua viatu. Kuchoka si kosa, Aili. Ungeniambia jana kuwa umechoka, ningekuja tukasaidiana. Lakini kazi mbovu ukiificha, anayetumbukia ni mwenzako."

Aili alipokea mpira kwa Eetu, akanyunyiza tena.

Jumamosi Eetu alianguka mara nyingi kuliko alizopiga gongo, na kila alipoanguka aliinuka akicheka. Barafu haikupasuka. Jumapili jioni, baada ya chakula, mama alikuwa amesinzia kwenye kiti. Hakuna aliyewatuma. Aili alichukua kofia ya babu, Eetu akachukua mpira wa maji, wakafunga mlango polepole ili wasimwamshe.