Kitambaa cha Ndege Wawili

Giza lilikuwa linaanza kuingia mtaa wa Black Rock, huko ugenini, pale Ngarambe alipobeba nguo chafu kwenda kuzifua kwenye chumba cha mashine za kulipia cha mtaani. Chini ya nguo alikuwa ameficha kitambaa chake. Kazini na kanisani hakuna aliyejua kwamba mwanaume mzima kama yeye anadarizi. Alijua mkewe tu, Umwali, naye alimtunzia siri.

Mchoro aliupata maktabani, katika kitabu cha Italia cha miaka mia tano iliyopita: ndege wawili wanatazamana, katikati yao chungu cha maua. Aliutoboa kwa sindano, akapitisha unga wa makaa kwenye matundu ili uchapike kwenye kitambaa, kama mafundi wa zama zile walivyofanya.

Kwenye mashine hakukuwa na mtu. Akatia nguo, akaketi, akaanza kudarizi.

Harufu ya makaa ikamjia...

Alipoinua macho, mzee mmoja alikuwa ameketi mbele yake. Kengele ya mlango haikuwa imelia. Ncha za vidole vya mzee zilikuwa nyeusi, zimejaa matundu madogo yasiyotoa damu.

"Hii kazi ni ya nani?" mzee akanong'ona, kwa Kiswahili cha milima ya kwao kabisa.

Ngarambe akaona aibu. Akakikunja kitambaa haraka.

"Ya mke wangu."

"Bon, sawa," mzee akasema. "Basi nitaenda kwake."

Mashine ikasimama. Kiti kilikuwa kitupu.

Aliziacha nguo, akakimbia nyumbani. Sebuleni alimkuta mchungaji Sebineza na wazee wawili wa kanisa, waliokuja kuwatembelea, wamejibana ukutani. Umwali alikuwa sakafuni, amepakata pazia la dirisha. Anadarizi. Umwali, ambaye hata kifungo hakuwahi kushona. Hakuwa anaangalia. Sindano ilipita kwenye pazia, ikapita kwenye kidole.

Tss... tss... tss...

Ndege mmoja alikuwa amekwisha kukamilika.

"Nani alimufundisha hii?" mchungaji akauliza taratibu.

Ngarambe alijua la kusema. Akawatazama wale wanaume.

Akabaki amesimama mlangoni.

Ndege wa pili akapata kichwa. Akapata bawa. Damu ikafika kwenye zulia.

"Ni yangu," akasema mwishowe. "Mimi ndiye ninayedarizi."

Sindano ikaanguka.

Hakuna aliyemcheka. Mchungaji hata alimwomba adarizi kitambaa cha meza ya kanisa. Mzee yule alikuwa nani, hakuna aliyejua, na mwenye mashine alisema kamera yake haikuonyesha mtu mwingine akiingia. Vidole vya Umwali vilipona. Lakini akilala, mkono wake wa kulia bado hupanda na kushuka, hupanda na kushuka.

Umwali alimuuliza mara moja tu, bila hasira.

"Ulikuwa umesimama pale mlangoni, unaniona. Ulikuwa unangoja nini?"

Ngarambe akainamisha kichwa. Akaushika ule mkono wa kulia kwa mikono yake miwili.