Samaki Mweusi wa Mama

Siku mama yake alipofariki, Kidagaa alikuwa darasani akinakili zoezi la hesabu. Mama mdogo alitokea mlangoni akiwa bado na nguo za kazini, zimelowa hadi magotini. Mwalimu alipomtazama usoni, alimwambia Kidagaa akusanye vitabu vyake.

Kidagaa lilikuwa jina la utani alilopewa na mama kwa wembamba wake. Mama na mdogo wake huyo walifanya kazi katika kituo cha kuchunguza samaki wa miambani. Katika mwaka wake wa mwisho, mama alipiga picha iliyozua maneno. Ilikuwa ya yule samaki mdogo mwenye mistari mitatu myeupe, anayeishi kwenye minyiri ya anemoni, mnyama wa baharini anayefanana na ua. Kila mtu humjua kwa rangi yake ya chungwa. Huyu wa mama alikuwa mweusi tii.

"Dada yako alipiga kivuli," nahodha wa boti alizoea kumtania mama mdogo. "Taa ilizimika, basi!"

Kule chini, maji humeza rangi nyekundu na ya chungwa. Ndiyo maana kamera yao ilifungwa pamoja na taa kwenye fimbo ndefu, ikateremshwa kutoka botini. Bila taa, samaki wa chungwa huonekana kama kapakwa masizi. Mkuu wa kituo hakumkatalia mama, wala hakumkubalia. Aliitundika picha ukutani, akaandika chini yake: Haijathibitishwa.

Neno hilo lilimchoma Kidagaa kuliko utani wote wa nahodha.

Likizo ilipofika, mama mdogo akawa anamchukua botini. Jumamosi moja alimwachia fimbo ya kamera ili yeye ashughulikie kamba. Kwenye kioo cha botini kilichoonyesha picha za kamera, Kidagaa alimwona samaki wa chungwa amejibanza ndani ya anemoni, chini ya mwamba. Akazima taa. Akapiga picha.

Kituoni pakachangamka. Nahodha alivua kofia. "Nimekoma, jamani! Namwomba radhi marehemu."

Mkuu wa kituo akachukua kitambaa ili alifute lile neno ukutani. Kidagaa alijaribu kutabasamu, akashindwa.

"Usifute, mzee," akasema.

"Kwa nini?"

"Nilizima taa. Samaki wangu ni wa chungwa."

Nahodha akarudisha kofia kichwani. "Si nilisema mimi? Na mama yake ndivyo alivyofanya!"

"Hebu funga mdomo wako," mama mdogo akamwambia.

Mkuu wa kituo aliishusha picha ya mama, akaiweka kando ya ile mpya. Katika picha ya Kidagaa kila kitu kilikuwa na rangi ya majivu, hata matumbawe. Katika picha ya mama, nyuma ya samaki mweusi, palichungulia mkia wa samaki mwingine. Ulikuwa wa chungwa.

"Taa iliwaka," mkuu wa kituo akasema. "Ingezimika, na huyu wa pili angeonekana mweusi."

"Mbona hatukumwona siku zote hizi?" mama mdogo akauliza.

"Sote tulikuwa tunamkodolea macho mweusi."

Akalifuta neno. Nahodha akavua kofia tena.

Njiani kurudi nyumbani, mama mdogo alimshika Kidagaa bega.

"Ungekaa kimya," akasema, "siku moja mtu angegundua hila ya picha yako, na ya mama yako ingeanguka pamoja nayo. Ukimpenda mtu usimtetee kwa uongo, mwanangu. Ukweli wake unamtosha."

"Nisamehe, mama mdogo."

"Nimeshakusamehe. Ila hiyo kamera hutaigusa mpaka nikwambie."

Samaki mweusi hajaonekana tena. Kila Jumamosi Kidagaa na mama mdogo huenda kumtafuta, na wasipomwona, huandika kwamba hawakumwona.